FUNDI BOMBA ANALIPWA SHILINGI NGAPI? HESABU KUANZIA SAIDIA MPAKA MKANDARASI

Kuna swali ambalo kila nikikaa kijiweni lazima mtu aliulize: hivi ufundi bomba unalipa? Anayeuliza mara nyingi ni mtu wa aina yangu. Kamaliza form four, matokeo hayakumbeba, nyumbani wameshaanza kumkata jicho kila chakula kikitengwa, halafu siku moja kamuona fundi anahesabiwa laki nne taslimu mlangoni kwa mtu. Akili ikamruka. Laki nne! Kwa kufunga mabomba tu!

Jibu langu fupi ni kwamba unalipa, ila siyo ile pesa uliyomuona anahesabiwa. Hiyo ni pesa ya kazi. Pesa ya fundi ni ile inayobaki baada ya saidia, nauli, mashine ya kukodi, deni la mwenye nyumba na zile siku ambazo simu haikuita. Ukizichanganya hizo mbili utaingia kwenye fani kwa mbio na kutoka kwa mbio hizo hizo.

Naongea kwa sababu kaka yangu ni fundi bomba hapa Dar, na mimi nimembebea mfuko wa spana miezi saba, Kimara, Mbezi, Goba mpaka Bunju. Kwa kuwa mwandiko wangu ndio ulikuwa nafuu, nikapewa na kazi ya kushika daftari. Hilo daftari tutalifungua mbele kidogo. Kwanza tuelewane kazi yenyewe ikoje.

1. KAZI YENYEWE

Ufundi bomba una pande mbili. Upande wa kwanza ni maji safi: kutoka kwenye mita kwenda kwenye tenki, kutoka kwenye tenki kwenda jikoni, bafuni na chooni. Upande wa pili ni maji taka: kutoka kwenye sinki na choo kwenda kwenye chemba, kutoka kwenye chemba kwenda kwenye shimo la septiki au kwenye bomba la mji kama mtaa wenu umebahatika kuwa nalo. Fundi anayejua upande mmoja tu ni nusu fundi, na analipwa kwa nusu.

Kwa Dar kazi hii haiishi, na sababu ni maji yenyewe. Sehemu kubwa ya maji ya jiji inatoka mto Ruvu kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mto ukipungua, mji mzima unalia. Oktoba 2022 DAWASA ilitangaza ratiba ya mgao kwa sababu hiyo hiyo. Ndiyo maana mtu wa Dar akijenga, hata kama bomba la DAWASA limepita mlangoni kwake, bado anaweka tenki juu ya mnara, pampu chini na valvu ya kuzuia maji yasirudi. Vitu vyote hivyo vinafungwa na fundi bomba, na vikiharibika anaitwa huyo huyo.

Mpaka wa kazi yako uujue mapema. Kuanzia bomba kuu la mtaani mpaka kwenye mita ni mali ya mamlaka ya maji. Kuanzia mita kuingia ndani ni kwa mteja, na hapo ndipo fundi wa kitaani anapokula. Zamani mamlaka na kampuni ya uendeshaji vilikuwa vitu viwili, DAWASA na DAWASCO, mpaka vilipounganishwa mwaka 2018. Ukimsikia mzee anasema "nenda Dawasco" anamaanisha hao hao DAWASA wa leo.

2. NJIA ZA KUINGIA

Zipo tatu.

Ya kwanza ni chuo. VETA wana fani ya ufundi bomba kwenye vyuo vyao, na kwa Dar chuo kinachojulikana zaidi ni cha Chang'ombe. Kwa miaka mingi ada ya kozi ndefu kwenye vyuo vya VETA imekuwa 60,000/= kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000/= kwa wa bweni. Ukisikia hivyo usishangilie sana, maana mzigo mkubwa uko kwenye sare, buti, vifaa vya mafunzo, nauli na chakula. Uliza chuoni orodha nzima ya mahitaji kabla hujamwambia mzazi kiasi. Na kwa wale wanaodhani form four ni lazima, siyo lazima. Hata aliyeishia la saba anapokelewa kwenye fani nyingi.

Vyeti vyake vina mtego mmoja ambao unawachanganya hata maofisa wa kuajiri. Mfumo wa zamani ulikuwa wa Trade Test: unaanza Grade III, unapanda Grade II, unamalizia Grade I ambayo ndiyo ya juu. Mfumo wa sasa ni NVA, na wenyewe unapanda kwa kwenda mbele: ngazi ya kwanza ndiyo ya chini, ya tatu ndiyo ya juu. Kwa hiyo mzee mwenye Grade I na kijana mwenye NVA ngazi ya kwanza siyo watu sawa hata kidogo. Ukienda kwenye usaili andika jina kamili la cheti chako, usiseme tu "nina level one".

Njia ya pili ni ya kaka yangu na ya wengi: kuwa saidia. Unabeba, unachimba mtaro, unatindua ukuta, unatumwa dukani, na jicho lako liko kwa fundi. Hakuna ada, na unalipwa kidogo kwa siku. Ubaya ni kwamba hakuna siku rasmi ya kuhitimu. Kuna watu ni saidia mwaka wa tano kwa sababu fundi hataki kuwaachia mashine. Ukiona miezi sita imepita na hujawahi kuungana bomba hata moja kwa mkono wako, badilisha fundi.

Njia ya tatu ni kwa wale ambao tayari wanajua kazi ila hawana karatasi. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unapimwa unachokijua, unajaziwa mapengo, unapewa cheti. Kama una miaka mitatu minne ya site hii ndiyo njia ya akili. Kaka alipuuza mpaka alipokosa kazi ya hoteli kwa kukosa cheti, wakati aliyepata alikuwa anampigia simu kumuuliza namna ya kufunga pampu.

3. ZANA NA VITU VYA KUJUA KABLA HUJAJIITA FUNDI

Zana za kuanzia siyo nyingi: spana za bomba mbili (moja ya kushika, moja ya kuzungusha), msumeno wa chuma, mkasi wa kukatia mabomba ya plastiki, tepu ya kupimia, pima maji, nyundo na tindo. Baada ya hapo inakuja mashine ya kuchomea mabomba ya PPR, ambayo wengi huanza kwa kukodi. Dai ya kuchonga nyuzi za mabomba ya chuma bado ina kazi, ila siku hizi nyumba nyingi mpya zinafungwa PPR kwa maji safi na PVC kwa maji taka.

Sasa haya hapa chini ndiyo yanayomtofautisha fundi na mbabaishaji. Yameze:

- PPR inachomwa kwa joto la nyuzi 260 hivi. Bomba la milimita 20 linakaa kwenye moto sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8. Ukizidisha, plastiki inavimba kwa ndani na njia ya maji inakuwa nyembamba. Ukipunguza, haishiki vizuri na itavuja baada ya miezi. Bomba likiwa na maji ndani usichome, kausha kwanza.

- Bomba la choo la inchi 4 linataka mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita moja. Likilala, uchafu unakaa. Likisimama sana, maji yanakimbia na kuuacha uchafu nyuma. Mafundi wengi wanakadiria kwa macho, halafu mwenye nyumba anaita mzibuaji kila baada ya miezi miwili.

- Presha ya tenki inatokana na kimo chake. Kila mita 10 za kimo ni presha ya bar 1. Kwa hiyo mnara wa mita 3 unatoa bar 0.3 tu. Mteja akikuletea shawa ya maji ya moto inayotaka presha kubwa, mwambie mapema kwamba itabidi aongeze pampu. Usipomwambia, shawa isipowaka lawama ni zako.

- Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani 1. Mnara wa tenki siyo meza. Kama fundi mwashi kajenga mnara wa mashaka, kataa kupandisha tenki.

4. NAMNA NNE ZA KULIPWA

a) Kwa siku. Hii ni ya saidia na ya fundi anayemfanyia kazi fundi mwenzake. Unajua utapata nini jioni, ila mvua ikinyesha au saruji isipofika, hakuna siku.

b) Kwa kazi nzima, yaani "ufundi". Mwenye nyumba ananunua vifaa, wewe mnapatana bei ya mikono. Wengine wanahesabu kwa pointi: kila koki, kila sinki, kila choo, kila shawa ni pointi moja yenye bei yake. Pointi ni nzuri kwa sababu mteja akiongeza sinki la nje katikati ya kazi, bei inaongezeka bila ugomvi.

c) Kwa simu za dharura. Koki imekatika, boya la tenki limekwama, choo kinatiririka usiku kucha. Hela ni ndogo ndogo, ila hizi ndizo zinazolisha nyumba kati ya kazi kubwa moja na nyingine. Na mteja uliyemtengenezea boya leo ndiye anayekuita akianza kujenga.

d) Kwa mkataba wa vifaa na ufundi pamoja. Hapa wewe ndiye unanunua kila kitu. Faida ni kubwa, na hatari ni kubwa vile vile, maana bei ikipanda dukani baada ya kupatana umeumia mwenyewe.

Kuna na ya tano ambayo watu hawaisemi kwa sauti: cha juu. Duka la vifaa linampa fundi kitu kidogo kwa kumpeleka mteja pale, au fundi anaandikiwa risiti yenye bei iliyovimba. Sitajifanya mtakatifu, nimeyaona. Ila siku hizi mwenye nyumba anapiga picha risiti anamtumia shemeji yake mwenye duka Kariakoo, jibu linarudi kabla hujamaliza chai. Ukishakamatwa mara moja, mtaa mzima umefungwa kwako. Bora uombe bei ya ufundi iliyo halali kuliko kuomba ndogo halafu ujilipe kwa risiti.

5. DAFTARI LA MWEZI MMOJA

Haya ndiyo mliyoyasubiri. Huu ni mwezi Septemba 2025 wa kaka yangu. Ni mtu mmoja na mwezi mmoja, msije mkasema ndiyo bei ya nchi nzima. Ila kila tarakimu niliiandika mwenyewe.

Kazi kubwa: nyumba ya vyumba vitatu, mabafu mawili, jiko na tenki. Ufundi 450,000/=. Siku 9.
Toa saidia, 10,000/= kwa siku 9: 90,000/=
Toa nauli, 4,000/= kwa siku 9: 36,000/=
Toa kukodi mashine ya PPR siku 3: 30,000/=
Toa bakaa aliyosema mwenye nyumba "nitakutumia kwenye simu": 50,000/= (mpaka leo haijaingia)
Iliyobaki: 244,000/=

Simu za dharura: 11, jumla 165,000/=. Zilikula siku 6.
Toa nauli: 33,000/=
Iliyobaki: 132,000/=

Kuzibua chemba: 40,000/=. Siku 1.
Toa saidia 10,000/=, nauli na glovu 8,000/=
Iliyobaki: 22,000/=

Kurudia kazi ya Agosti: elbo ilivuja nyuma ya tailsi. Siku 1, malipo sifuri.
Fundi tailsi 20,000/=, tailsi na saruji 9,000/=, nauli 6,000/=
Hasara: 35,000/=

Sasa jumlisha. Kwa mdomo kaka alifanya kazi za 655,000/= mwezi ule. Mfukoni ziliingia 363,000/=. Yaani 292,000/= zilipita kwenye mikono yake zikaenda kwa watu wengine, nyingine hazikufika kabisa. Alifanya kazi siku 17. Siku 9 alikaa na simu mkononi, hakuna aliyepiga. Ukigawa 363,000/= kwa siku 26 za kazi unapata kama 13,960/= kwa siku.

Ili mjue hiyo ni nyingi au kidogo, ilinganisheni na mshahara. Wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi ulikuwa 275,060/= kwa mwezi, na serikali ikatangaza kupanda mpaka 358,322/= kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Kila sekta ina kiwango chake, lakini chukueni huo wastani kama mzani. Kwa mzani wa zamani kaka alikuwa amemzidi wa kima cha chini kwa karibu 88,000/=. Kwa mzani mpya amemzidi kwa 4,678/=. Fundi mwenye miaka sita kwenye fani!

Usiku ule nilipomsomea jumla alinyamaza. Kodi ya chumba ilikuwa imechelewa, na siku zote alikuwa anaamini kuna mtu anamuibia au shemeji anatumia vibaya. Akaniangalia akasema, "Dogo, kumbe wewe saidia umeondoka na laki, na ulikuwa unakula kwangu." Tukacheka, ila haikuwa kicheko cha furaha sana. Shemeji ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Basi tuangalie zinapotokea."

6. MATUNDU YANAYOVUJISHA HELA, NA NAMNA YA KUYAZIBA

Tuliyapata manne.

Tundu la kwanza, bakaa. Kazi ikishaisha na maji yanatoka, wewe huna nguvu tena. Mwenye nyumba anaoga, wewe unapiga simu. Dawa yake ni kugawa malipo kufuata hatua za kazi. Sasa hivi kaka anadai nusu kabla ya kuanza, asilimia 30 mabomba yakishaingia ukutani na kujaribiwa, na asilimia 20 ya mwisho kabla hajafunga koki, sinki na vyoo. Siyo baada, ni kabla. Mara ya kwanza kumwambia mteja hivyo, mama mmoja mtu mzima pale Goba, niliona aibu mimi. Kaka akamwamkia vizuri, akamweleza, akamuandikia kwenye karatasi, wakasaini. Yule mama akasema tu, "Afadhali mwanangu umesema mapema." Akalipa zote.

Tundu la pili, kurudia kazi. Ile elbo ya Agosti ilivuja kwa sababu hatukujaribu mabomba kabla ya plasta. Kuna pampu ndogo ya mkono ya kujaribia presha. Unajaza maji, unapandisha presha mara moja na nusu ya ile itakayotumika, unaacha, unaangalia kama mshale unashuka. Kama huna pampu, kodi. Mwite mwenye nyumba aone kwa macho yake, piga picha. Ikitokea baadaye fundi tailsi katoboa bomba kwa drili, picha ndiyo wakili wako.

Tundu la tatu, kukadiria kwa kichwa. Mteja anauliza "fundi, bei gani?" na wewe unajibu papo hapo ili usionekane mgeni wa kazi. Usijibu. Sema utapima kwanza. Hesabu siku za kazi, zidisha na pesa unayotaka kubaki nayo kwa siku, kisha ongeza saidia, nauli na mashine. Ile kazi ya 450,000/= kaka aliitaja baada ya dakika mbili za kuangalia. Angehesabu siku 9 kwa 35,000/= abaki nazo, ni 315,000/=, akaongeza 156,000/= za gharama, bei ilitakiwa iwe 471,000/= na bila bakaa. Tofauti inaonekana ndogo lakini ni 71,000/= kwa sababu bakaa nayo ilipotea. Sasa zidisha kwa nyumba kumi za mwaka.

Tundu la nne, siku zisizo na simu. Hili haliishi, linapungua tu. Kinachosaidia ni kuwa na nyumba chache za kudumu: wenye nyumba za kupangisha, shule, gesti, mama lishe wakubwa. Unawapitia hata kama hawajakuita, unaangalia maboya na koki. Fundi anayejua kufunga pampu na kuelewa umeme wake kidogo anaitwa mara mbili zaidi ya anayejua mabomba tu, ila kama hujafundishwa umeme mwachie fundi umeme, maji na umeme haviwezi kujifunziwa kwa kubahatisha.

7. KUAJIRIWA JE?

Hoteli, hospitali, viwanda, shule kubwa na kampuni za ujenzi wanaajiri mafundi bomba, na mamlaka za maji pia. Mshahara wa mwanzo unaweza usiufikie mwezi mzuri wa fundi wa kujitegemea. Lakini pale kuna vitu daftari letu halikuwa navyo hata kimoja: mchango wa NSSF, fidia ya WCF ukiumia kazini, likizo, na mshahara unaokuja hata kama mabomba yamekaa kimya. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Ukiajiriwa dai mkataba wa maandishi. Kibarua wa mwaka mzima asiye na karatasi hana tofauti na wewe wa kijiweni, isipokuwa yeye ana bosi.

Ushauri wangu kwa anayeanza: ukipata ajira mwaka mmoja au miwili kwenye jengo kubwa, nenda. Utajifunza pampu kubwa, mabomba ya maji ya moto na ya kuzimia moto, vitu ambavyo kwenye nyumba za vyumba vitatu hutaviona.

8. MPAKA UKANDARASI

Fundi anayetaka kazi za serikali na majengo makubwa lazima afike Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Kazi za mabomba zinaingia kwenye makandarasi maalum, ambao wana madaraja matatu, la tatu likiwa la kuanzia. Wale wa majengo na barabara wana madaraja saba. Huko unatakiwa uwe na kampuni, watu wenye sifa, vifaa na mtaji. Siyo safari ya mwaka mmoja. Ila anza kidogo kidogo leo: chukua TIN pale TRA, haitozwi hela, fungua akaunti, tunza nakala za kazi zako. Kijana mwenye daftari la miaka mitano ana cha kuonyesha.

9. VITU VYA KUKATAA HATA UKIWA NA NJAA

Kuna siku utaitwa usiku. Mtu atakwambia mita yake imekatwa, akupe laki umrudishie maji, au umpitishie bomba pembeni ya mita. Ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Huduma za Maji ya mwaka 2019, na anayekamatwa na spana mkononi ni wewe, siyo yeye aliyejifungia ndani. Kataa.

Na kuna siku utaambiwa ingia kwenye shimo la choo uzibue. Usiingie. Gesi ya shimo haikupi muda wa kupiga kelele, na mara nyingi anayeingia kumuokoa mwenzake naye anabaki huko huko. Mashimo ni kazi ya gari la kunyonya. Kaka alikataa kazi ya 80,000/= ya namna hiyo mwezi Oktoba, mwezi ambao kodi bado ilikuwa inadaiwa, na sikumsikia akiijutia.

MWISHO

Kwa hiyo unalipa au haulipi? Mwezi Novemba kaka alipata nyumba nyingine, inafanana kabisa na ile ya Septemba. Safari hii alipima, akahesabu siku, akaandikiana, akajaribu presha, akachukua hela ya mwisho kabla ya kufunga koki. Bei ilikuwa 480,000/=. Gharama zilikuwa zile zile 156,000/=. Mfukoni ziliingia 324,000/= kwa siku 9, ambayo ni 36,000/= kwa siku. Ile ya Septemba ilimpa 27,000/= na ushee. Mikono ni ile ile na spana ni zile zile. Kodi ya chumba ililipwa wiki hiyo.

Mimi usaidia nimeuacha, mgongo umenishinda, lakini daftari bado nalishika. Kama una mdogo wako anataka kuingia kwenye fani, mwambie anunue daftari la mia tano kabla hajanunua spana.

Mafundi mliopo Mwanza, Arusha, Mbeya, Zanzibar na kwingineko, bei za pointi kwenu zikoje? Na wenye nyumba mliowahi kulizwa na mafundi nanyi msinyamaze. Uwanja ni wenu, tiririkeni hapo chini.